Darubini ya Dobson ya inchi 8: nilivyoiona mimi mpima ardhi wa Dodoma, pamoja na ubishi wa shemeji

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayowaleta wengi. Hadi kufika mlangoni kwangu Dodoma, darubini hii imenila karibu shilingi milioni tatu: ununuzi wenyewe, meli kutoka Guangzhou, wakala wa mizigo wa Kariakoo, kisha lori hadi huku. Kwa hela hiyo unapata pikipiki mpya ya bodaboda. Mke wangu ameshanikumbusha hilo, na ataendelea kunikumbusha.

Kitu chenyewe ni bomba la bati lenye kioo cha milimita 203 chini, yaani inchi 8, na urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Linakaa juu ya kitako cha mbao za kubandika kinachozunguka. Halina mota wala betri, na halina programu ya simu ya kulielekeza. Unalisukuma kwa mkono. Ndani ya boksi kuna lenzi mbili za jicho: ya milimita 25 inayokuza mara 48, na ya milimita 10 inayokuza mara 120. Viwanda kadhaa vinatengeneza kitu hikihiki kwa majina tofauti, kwa hiyo sitataja chapa. Ukiona "Dobson inchi 8" kwenye tangazo, ndiyo hiyo.

Kwa nini hii na si zile za miguu mitatu zenye vyuma na vizani ambazo picha zake zinavutia zaidi? Kwa sababu ya tulipo. Ile mitambo imeundwa ili mhimili wake uelekee ncha ya anga. Ulaya ncha hiyo iko juu na ina nyota inayoonekana vizuri. Dodoma tuko digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha yetu iko digrii 6 tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya paa la jirani, na haina nyota ya maana ya kuilenga. Vitako vingi havishuki hata kufikia pembe hiyo. Kama uko Mwanza, Kampala, Nairobi au Mombasa, tatizo ni hilohilo au zaidi. Kwa ukanda wetu, nunua ya kusukuma.

Malalamiko yangu ya kwanza ni kidarubini cha kutafutia, kile kidogo kinachofungwa ubavuni ili kukusaidia kulenga. Kilifika mguu umevunjika. Wakala akanijibu, "Bosi, hivyo ndivyo kilivyotoka kiwandani," na hapo mazungumzo yakaisha. Hata kingekuwa kizima, ni plastiki tupu na skrubu zake hazishiki. Vioo navyo vilikuwa vimecheza safarini, ikabidi nivinyooshe kwa bisibisi. Kwa mtu aliyezoea kurekebisha totali stesheni, kifaa chetu cha kupimia ardhi, juani huku wenye viwanja wamemzunguka wakigombana, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa asiyezoea, tafuta mtu akuonyeshe mara moja tu, ukishajua, umejua.

Sasa nieleze niliinunua ya nini, maana si kwa ajili ya mwezi peke yake, ingawa mwezi ndani yake ni balaa.

Nina shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi umeme wa magari. Fundi mzuri kweli, gari likikataa kuwaka anasikiliza tu anakwambia tatizo liko wapi. Yeye jioni zake ni za video, na video zake ni za anga. Ameshawishika kwamba Mlipuko Mkuu, ule unaoelezwa kuwa mwanzo wa ulimwengu, haukutokea, kwamba anga yote inaendeshwa kwa mikondo ya umeme, na kwamba wanasayansi wanalijua hilo ila wanalinda mishahara yao. Kila akija kula wali Jumapili: "Shemeji, ile theori yenu imekufa. James Webb imeiua." Anamaanisha ile darubini kubwa ya angani. Mimi si mwanasayansi wa anga. Mimi napima viwanja. Lakini kazi yangu imenifundisha jambo moja: mtu akija na mpaka tofauti na ulio kwenye ramani, humfukuzi, unamwambia alete vipimo. Nikataka kifaa ambacho tutakaa wote wawili tukiangalia kitu kilekile.

Na hapa kuna jambo ambalo tangazo la duka halikwambii. John Dobson, ambaye jina lake limebandikwa kwenye darubini hizi, mwenyewe alikuwa mpinzani wa Mlipuko Mkuu. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akasomea kemia Marekani, kisha mwaka 1944 akaingia utawani katika monasteri ya Vedanta, falsafa ya Kihindu, mjini San Francisco. Humo ndani akaanza kusaga vioo kwa vioo vya madirisha ya meli na kutengeneza mabomba kwa karatasi ngumu na mbao za kuokota, akiyatoa nje kwa mkokoteni ili watu wa mtaani waangalie. Mwaka 1967 alitolewa monasterini. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya barabara na kumwita kila apitaye. Hadi alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 98, alikuwa akifundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, kwamba maada inajirudia kama mpya. Nilipomweleza shemeji hayo alifurahi hadi akasahau kula. "Unaona! Hata aliyeitengeneza alijua!" Nikamwambia sawa, tuiangalie basi darubini ya mpinzani inaonyesha nini.

Kipimo changu cha darubini hii kilikuwa kundinyota la Mashuke, ambalo ramani za nje huliita Virgo. Mwishoni mwa Mei, mvua za Dodoma zimekwisha, karibu saa tatu usiku Mashuke inakuwa juu ya utosi. Wenzetu wa Ulaya wanaitazama ikiwa imeinama, mwanga wake ukipita kwenye hewa nene. Sisi tunaipata wima. Tulitoka nje ya mji, njia ya Kondoa, kwa sababu taa za Dodoma siku hizi si mchezo. Hili ni sharti: inchi 8 katikati ya mji ni hela umetupa. Inchi 8 mahali penye giza inakusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya jicho lako.

Anza na M87, lenzi ya milimita 25. Ni duara la ukungu, katikati pameng'aa kidogo, pembeni pamefifia hadi hujui linaishia wapi. Hiyo ndiyo galaksi ambayo mwaka 2019 walitoa picha ya kivuli cha shimo jeusi lililo katikati yake. Mwanga wa ukungu huo umeondoka kwake zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Sukuma bomba kusini kama digrii nne na nusu: M49, galaksi nyingine, yai la ukungu, ng'avu kidogo kuliko ile ya kwanza. Endelea kusini digrii 6 hivi. Hapo hutaona kitu cha maana. Unahitaji ramani nzuri na subira, unalinganisha vijinyota kimoja kimoja hadi unakipata: kidoti kidogo sana, cheupe chenye ubuluu, kisichotofautiana na vijinyota jirani zake. Hicho kinaitwa 3C 273, namba yake katika orodha ya tatu ya Cambridge ya chemchemi za mawimbi ya redio angani.

Hapa niseme kasoro kubwa ya kitako cha Dobson, na sisi wa karibu na ikweta inatuuma zaidi ya wengine: kitu kikiwa utosini kabisa, darubini inakuwa ngumu kuongoza. Bomba limesimama wima, ukitaka kusogea kidogo pembeni unazungusha kitako nusu duara na bado hujafika. Vitu vizuri vya Mashuke vyote vinapita humohumo. Dawa yake ni kusubiri. Baada ya saa moja na nusu hivi vimeshuka kuelekea magharibi na mambo yanakuwa laini.

Shemeji akaweka jicho, akakaa muda mrefu, akatoka. "Shem, hii si nyota tu?"

Swali zuri. Hivyo ndivyo walivyodhani wote. Mwaka 1962 wanaastronomia kule Parkes, Australia, walitumia mwezi ulipoifunika ile chemchemi ya redio kupata mahali pake hasa. Mwaka uliofuata Maarten Schmidt, akitumia darubini ya inchi 200 ya Palomar, California, akatandaza mwanga wa hicho kidoti kuwa spektra, yaani rangi zake moja moja, na kukuta mistari asiyoielewa. Ilikuwa mistari ya kawaida kabisa ya haidrojeni, ila yote imehama upande wa wekundu kwa karibu asilimia 16. Kwa hesabu ya ulimwengu unaotanuka, mwanga ule umesafiri takribani miaka bilioni 2. Yaani hicho kidoti kinaonekana na darubini ya bei ya bodaboda kutoka umbali huo, kwa hiyo lazima kiwe kinang'aa kuliko galaksi nzima nyingi zikijumlishwa. Vitu vya namna hiyo, viini ving'avu mno vya galaksi za mbali, huitwa kwasari, na hii ndiyo ya kwanza kupimwa hivyo.

Sasa, wapinzani. Mwenye hoja nzito kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa Halton Arp. Huyu hakuwa mtu wa video. Alikuwa mtaalamu wa vituo vya kuangalia anga vya Mount Wilson na Palomar, na orodha yake ya mwaka 1966 yenye picha 338 za galaksi zenye maumbo ya ajabu inatumika hadi leo. Arp alisema: tazama mstari. M87 upande mmoja, M49 katikati, 3C 273 upande wa pili. M87 nayo ni chemchemi ya redio, namba 3C 274, inayofuata katika orodha. Kwake hilo halikuwa bahati nasibu. Alidai M49 ndiyo iliyovitapika vyote viwili, na kwa hiyo 3C 273 iko hapo hapo jirani na ule mhamo wa wekundu hauna uhusiano na umbali. Kama ni kweli, msingi wa kupima ulimwengu unatikisika.

Mstari upo. Nimeusukuma kwa mkono wangu, shemeji naye akausukuma. Darubini hii inakupa nafasi ya kuona kwa macho yako ushahidi uleule uliomfanya Arp akose amani, na sijui kifaa kingine cha bei hii kinachofanya hivyo. Lakini mstari wa macho ni pembe, na pembe peke yake haikupi umbali. Hilo mpima yeyote anajua tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Umbali ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1991 darubini ya angani ya Hubble ilichunguza mwanga wa 3C 273 katika urujuanimno, na ndani yake wakakuta mistari iliyokatwa na gesi ya haidrojeni iliyoko njiani. Mingine ilikuwa na kasi ya kundi la galaksi la Mashuke lenyewe, kama kilomita 1,000 na 1,600 kwa sekunde. Na baada ya hapo kulikuwa na mistari mingine yenye mhamo mkubwa zaidi, ikipanda hatua kwa hatua kuelekea ule wa 3C 273. Gesi ya Mashuke iko mbele, kisha gesi nyingine nyuma yake, kisha nyingine tena, na kwasari iko nyuma ya yote. Kama ingekuwa jirani ya M49, hiyo gesi ya katikati ingetoka wapi? Jozi nyingine ya Arp, galaksi NGC 4319 na Markarian 205, ilikuwa na hadithi hiyohiyo: mwaka 1992 ilionekana mwanga wa Markarian 205 umepita ndani ya gesi ya NGC 4319. Hiyo kwetu iko chini mno kaskazini, sikuhangaika nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Arp alinyimwa muda wa kutumia darubini kubwa za Marekani, akahamia Ujerumani, akaendelea hadi kifo chake mwaka 2013. Shemeji anaishikilia sana sehemu hii. Kwangu pia ni doa. Aliyekosea anashindwa kwa vipimo, hafungiwi mlango. Ila kufungiwa mlango hakumfanyi mtu awe sahihi.

Shemeji hakukubali. Akasema basi mwanga unachoka tu njiani, hakuna kutanuka. Wazo hili si lake wala la video. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alilitoa mwaka 1929, mwaka uleule Edwin Hubble alipochapisha uhusiano wa umbali na kasi za galaksi. Na si wazo la kijinga, kwa sababu linaweza kupimwa. Zipo supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa namna inayofanana mno, zinapanda na kufifia kwa muda unaojulikana. Kama mwanga unachoka tu, supanova ya mbali itaonekana nyekundu zaidi lakini itafifia kwa muda uleule. Kama anga yenyewe imetanuka, na muda nao unanyooka: pale ambapo mwanga umenyooshwa kwa nusu zaidi, tukio la siku 20 litaonekana la siku 30. Mwaka 2024 watafiti wa mradi wa Dark Energy Survey, waliotumia darubini iliyoko Chile, walitoa matokeo ya supanova 1,504. Muda umenyooka, na kwa kiasi kilekile kilichotabiriwa. Mwanga uliochoka hauna pa kujificha hapo. Inchi 8 haiwezi kuonyesha hili, nisikudanganye ukanunua kwa sababu hiyo.

Wala haiwezi kuonyesha ushahidi mkubwa kuliko wote, kwa sababu huo si mwanga wa macho. Nilimkumbusha shemeji zile chenga za televisheni za zamani kabla ya ving'amuzi. Sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia moja, ilikuwa mnururisho wa mikrowevu unaotoka kila upande wa anga. Arno Penzias na Robert Wilson waliugundua kule Holmdel, New Jersey, kazi waliyoichapisha mwaka 1965, baada ya kuusaka mlio ambao haukutaka kuondoka kwenye antena yao. Walifukuza njiwa, wakasafisha kinyesi, mlio uko palepale. Fundi umeme alilielewa hili haraka kuliko mimi: "Kelele isiyobadilika ukigeuza antena, hiyo haitoki kwenye antena."

Fred Hoyle na wenzake Bondi na Gold, waliosema tangu 1948 kwamba ulimwengu hauna mwanzo na maada mpya inazaliwa polepole, hawakuutabiri mnururisho huo. Baadaye Hoyle akajaribu kuueleza kwa vumbi la sindano za chuma zinazosambaza mwanga wa nyota. Ni akili kubwa, siidharau. Mtu huyuhuyu ndiye alishiriki kuonyesha, mwaka 1957, jinsi nyota zinavyopika kaboni na chuma tulivyo navyo mwilini. Lakini mwaka 1989 ilirushwa setelaiti ya COBE kuupima mnururisho huo, na Januari 1990 John Mather akaonyesha grafu yake mbele ya mkutano wa wanaastronomia. Vipimo vilikaa juu ya mstari wa nadharia barabara, joto nyuzi 2.7 hivi juu ya sifuri kamili. Ukumbi ulipiga makofi. Ni mkunjo wa kitu kilichowahi kuwa na joto moja kila mahali, kisha kikapoa. Vumbi la chuma lenye umri, ukubwa na maeneo tofauti kuiga mkunjo huo bila kukosea hata kidogo ni jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, nisingeliwekea muhuri.

Kuhusu ulimwengu wa umeme nitakuwa mfupi, shemeji anisamehe. Hannes Alfvén aliyeanzisha mengi ya fikra hizo alikuwa mwanafizikia wa kweli, alipata Nobeli mwaka 1970 kwa kazi ya plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme. Plazima ipo angani tele na ina sumaku zake, hakuna anayebisha. Lakini wanaosema jua linaendeshwa na umeme wa kutoka nje wanapaswa kutueleza zile nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zinazotoka katikati ya jua, zilizonaswa chini ya ardhi kwa miongo sasa, za aina na wingi unaotakiwa na mwunganiko wa viini. Hapo alinyamaza kidogo, akasema atatafuta video.

Halafu naye akanipiga pazuri. "Asilimia 95 ya ulimwengu wenu hamjui ni nini. Kwenye gereji mteja akiniambia hivyo kuhusu gari lake, namrudishia funguo." Hesabu yake ni sahihi: kama asilimia 5 maada ya kawaida, 27 maada giza isiyoonekana ila inayovuta, 68 nishati giza inayoharakisha kutanuka, na hadi sasa hakuna maabara iliyoinasa hata chembe moja ya maada giza. Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba hakuna maada giza, bali kanuni ya mvutano inabadilika pale mvutano ukiwa dhaifu mno. Ndani ya galaksi moja moja pendekezo lake linafanya kazi vizuri ajabu. Linakwama kwenye makundi makubwa ya galaksi. Na hapa pwani yetu ina mkono wake: setelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi hayo yamejaa gesi ya moto inayotoa eksirei. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi, na bado haitoshi kuyashikilia. Mwaka 2006 vipimo vya makundi mawili yaliyogongana vilionyesha mvutano mwingi hauko penye gesi. Milgrom hajafa kwa hilo, lakini anachechemea.

Kisha lile la James Webb. Galaksi za mapema zimekuwa ng'avu kuliko ilivyotarajiwa. Moja iliyotangazwa mwaka 2024 inaonekana ilivyokuwa takribani miaka milioni 300 tu baada ya mwanzo. Linawasumbua wanaoandika kanuni za jinsi galaksi zinavyoundwa. Haligusi zile chenga wala supanova 1,504.

Linaloninyima mimi usingizi ni jingine. Kasi ya kutanuka ukiihesabu kutoka kwenye mnururisho, kwa setelaiti ya Planck, ni kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki ya umbali, yaani miaka ya nuru milioni 3.26 hivi. Ukiipima kwa nyota na supanova za karibu ni kama 73. Kila upande unaapa makosa yake ni madogo kuliko tofauti hiyo. Ni timu mbili za upimaji zilizoanza pande mbili za wilaya, zikakutana katikati, na bikoni zao haziangukii mahali pamoja. Hali hiyo nimeikuta kazini. Huchani ramani ya nchi ukasema hakuna ardhi. Unarudi kwenye madaftari, unakagua kila kituo, na mara chache sana unagundua kwamba ni kanuni yenyewe ya ramani iliyokuwa na kasoro. Mlango wa kitu kipya, kama upo, naona uko hapo, na anayetaka kuupita aje na hesabu inayotoa namba zote mbili, mkunjo wa COBE, na muda wa supanova kwa pamoja.

Turudi kwenye bidhaa. Kile kidarubini kilichovunjika shemeji alikitengeneza upya: taa ndogo nyekundu ya dashibodi, kipande cha kioo cha saa, mguu wa alumini. Kinalenga vizuri kuliko kile cha kiwandani, na nimekifunga kwa skrubu za kudumu. Bado haamini Mlipuko Mkuu. Anaikopa darubini mara kwa mara na anairudisha safi.

Nani anunue? Mwenye usafiri wa kutoka nje ya mji na mgongo mzima, kwa sababu mzigo wote unazidi kilo 20. Shule yenye uwanja, bila kusita. Pamoja na Mashuke, sayari hizo zikiwa angani, watoto wataona pete za Zohali na miezi ya Mshtarii usiku wa kwanza. Mkazi wa Tanga, Zanzibar au Mombasa ajue hewa ya chumvi si rafiki wa kioo: funika, weka pakavu, na mbao za kitako zipake rangi ya kuzuia maji, la sivyo zitavimba. Anayekaa ghorofani Kariakoo aache. Na usimwachie mtoto peke yake mchana. Bomba hili likielekea jua bila kichujio, jicho limekwenda kwa sekunde.

Lenzi ya milimita 25 ni nzuri. Ile ya milimita 10 ni ya kujazia boksi, tenga hela ya kununua bora. Kioo chenyewe sina neno. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeitoa kwa sababu ya ile plastiki ya ubavuni na kwa namna wakala alivyonijibu.